Mjomba Anataka Nichome Jeshi Langu, na Mama Mkwe Yumo Ndani

Tia Isabel mpendwa, shangazi yetu wa gazetini,

Pokea salamu zangu na za nyumbani kwangu, kisha naomba unisaidie upesi, maana leo ni Jumamosi na nimepewa mpaka Ijumaa baada ya swala, na maji yamenifika shingoni.

Mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni kupaka rangi, mabango ya maduka, boti, kuta za wenye nafasi, nina mke anaitwa Alima na watoto wawili, na tunakaa hapa Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kwenye kiwanja cha mama yake, kama ilivyo kwa wengi wetu kwamba mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo ukisikia ndoa inavunjika ujue anayebeba begi ni mimi.

Siri yangu, Tia, ni kwamba nina jeshi. Usishtuke wala usiite mtu. Ni askari wadogo, kila mmoja urefu wa pingili moja ya kidole, sitini na wanne kwa jumla, nimewachonga mwenyewe kwa soli za ndara ambazo maji huzitupa ufukweni, miguu yao ni waya, vichwa ni ushanga, nimewapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi niliyoitengeneza kwa nywele tatu za mkia wa mbuzi, na kila mmoja ana macho mawili yenye mboni, ukimwangalia naye anakuangalia.

Nilijifunza mwaka juzi kule kisiwani Vamizi, nilikokwenda kupaka vyumba vya wageni. Kulikuwa na Mreno mmoja mzee aliyekaa barazani kila asubuhi na boksi la askari wa bati, anawapaka rangi, na mimi nikawa napita pale na ndoo yangu mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka, mpaka akaniita, akanipa brashi, akasema nipake jicho. Sasa ujue mkono wangu wa kulia tangu ile vita ya kwetu ulikuwa unatetemeka, herufi za mabango zilikuwa zinapinda na wenye maduka walishaanza kunung'unika, lakini kupaka jicho kwenye kichwa kidogo kama punje ya mtama lazima uzuie pumzi, na ukizuia pumzi kichwani hamna nafasi ya kitu kingine, nikapaka la kulia, nikapaka la kushoto, nikautazama mkono wangu na mkono umetulia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Siku ya kuondoka yule mzee aliniachia dadu mbili, utepe wa kupimia na daftari aliloandika sheria zote za mchezo kwa mkono wake.

Mchezo wenyewe ni hivi, watu wawili wanapanga majeshi juu ya meza, huyu anasogeza watu wake kwa kipimo, yule naye anasogeza wake, wakikutana dadu zinaamua nani anaanguka, na katikati kuna kufikiri kwingi sana. Mwenzangu ni Jerónimo, profesori, yaani mwalimu, wa shule ya msingi, mtu wa bara kutoka Mueda, ndiye aliyenifafanulia maneno magumu ya daftari. Tuliapizana tangu mwanzo kwamba hakuna bunduki za leo na hakuna vita yetu, hiyo tulishachezeshwa bila kuombwa. Tukachagua Wasakalava, wale ambao wazee husimulia kwamba walikuja zamani na mitumbwi yao kutoka Bukini, yaani Madagaska, kuteka watu wa pwani hii. Jerónimo anawaongoza Wasakalava, mimi naulinda mji. Meza yetu ni mlango wa nyumba yetu iliyoungua, ndicho kitu pekee tulichokikuta tuliporudi, nimeupaka nusu bahari nusu mchanga.

Na raha yake siwezi kukuficha. Jumapili Jerónimo akitoka kanisani ananikuta nimeshapanga nyumba zangu za makopo ya maziwa zilizoezekwa makuti ya kweli, na mikoko yangu ya makumbi ya nazi, anavua viatu, anakaa, na kwa saa tatu hatujui hata bei ya mchele. Kuna siku watu wangu wanne waliuzuia mtumbwi wa watu kumi kwenye ukuta wa mji, dadu zikaja sita na sita, nikaruka nikagonga kichwa kwenye pau, na ile nundu niliitembeza mjini siku tatu bila kofia. Nimeshindwa mara tano mfululizo, na kila nikishindwa natembea njiani nikipanga ya sita, natabasamu peke yangu.

Sasa kosa langu. Ili nisiwachanganye, niliandika chini ya miguu ya watu wa mji majina ya watu ninaowajua, Rajabo muuza samaki yumo, mke wa Jerónimo yumo, na kapteni wao nilimpa jina la mama mkwe. Mwanamke huyu kwa miaka kumi na moja sijawahi kumtaja jina, wala hapa sitaliandika, akipita napisha njia, akikaa mimi nasimama kando, neno lolote kati yetu linapita kwa Alima, ndivyo nilivyolelewa. Nilimpa ukapteni kwa sababu yeye ndiye aliyetutoa mwaka ule wa vita, watu kumi na wawili, mimi mmoja wao, kwa njia ya mikokoni siku nne mpaka Namoto tukavuka mto wa mpakani, lakini hayo ni mengine, nirudi kwenye jeshi.

Jeshi naliweka kwenye sinia chini ya kitanda, nimelifunika shuka jeupe lisipate vumbi. Jumanne iliyopita Alima alitoa magodoro kuyaanika, sinia likatoka uani, na mama mkwe akaja kutafuta sinia la kuchagulia mchele. Alikuwa anachechemea, kisu cha kufungulia chaza kilimkata mguu juma hilo na mguu ulikuwa umevimba. Tena mwaka huu ameingia darasa la watu wazima kujifunza kusoma, na mwalimu wake ni huyo huyo Jerónimo. Akafunua shuka, akakuta vijitu vimelala, kimoja kimevaa kitambaa cha kapulana ya buluu na nyekundu kama yake, kimelala kifudifudi, maana Jumapili alianguka mbele ya ukuta na mimi sikumwinua. Akakigeuza akasoma chini, herufi kwa herufi. Alima anasema mama hakuwa amewahi kulisoma jina lake popote nje ya darasa.

Alirudisha shuka, akaenda kwa kaka yake, mjomba Buanali, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Mjomba alikuja jioni hiyo hiyo, hakutaka hata kiti.

"Weye Abacar, mkwe gani anamlaza mama wa watu kwenye sanda, na jina lake chini? Ijumaa ya juma lijalo baada ya swala nakuja na wenzangu. Utawasha moto hapa uani, utawachoma wote tukiona. Hutaki, begi lako unalijua lilipo."

Nilikuwa tayari kuchoma, Tia, nakuapia, nikamwambia Jerónimo aniletee mafuta ya taa, lakini akanishika bega akasema, "Pensa bem, Abacar, fikiri vizuri. Ukikichoma kile chenye jina lake watasema umemchoma yeye, na mguu ukizidi kuvimba utawajibu nini?" Kwa hiyo nikichoma nimekwisha, nisipochoma nimekwisha, Alima anakuna nazi kwa nguvu mpaka mbuzi inalia, na mkono wangu umeanza tena kutetemeka. Nifanye nini?

Ni mimi Abacar, mpaka rangi, Palma.

Tia Isabel anajibu

Abacar mwanangu, jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumapili, maana nikisubiri gazeti litoke utakuwa umeshachoma au umeshafukuzwa.

Kwanza weka kiberiti chini. Usichome hata mmoja.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kalamu nyekundu. Mkia wa mbuzi nimeuona, macho yenye mboni nimeyaona, na nundu yako nimepewa mpaka idadi ya siku ilizotembea mjini. Mwanamke aliyewatoa watu kumi na wawili mikokoni amepata mstari mmoja na nusu, kisha ukaniambia hayo ni mengine. Nani kakwambia ni mengine? Mimi nimeyasubiri tangu ukurasa wa kwanza. Ulitaka kumshukuru, ukakosa mdomo, ukamchonga. Heshima ya ukwe naijua, nami nimelelewa ndani yake, lakini sijawahi kusikia heshima iliyomkataza mtu kusema asante. Huo ni woga wako, umeuvisha kanzu.

Na ujinga wako nao nitausema. Katika nchi hii ambayo mtu akiumwa kichwa jirani anaulizwa jana alipita wapi, wewe unaandika majina ya watu chini ya vijitu, unavilaza chini ya kitanda na kuvifunika shuka jeupe. Hata mimi ningepiga yowe. Mama mkwe wako amesoma vizuri sana na mwalimu wake ajivunie, ila hakuna aliyemwambia habari iliyobaki. Mficha uchi hazai, Abacar, na wewe umeficha kitu ambacho ulipaswa kukitembeza mjini kabla ya hiyo nundu.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, lakini nimelisikia likikohoa nyuma ya barua. Je, ni aibu kwa mtu aliyekimbia vita kukaa kitako akacheza vita? Si aibu. Vita ile haikukuuliza kama zamu yako imefika. Hii ya kwenye mlango unasema ngoja nifikiri, na adui anangoja, tena anangoja huku anakula mhogo wako, na mkimaliza wote walioanguka wanainuliwa wanarudi kwenye sinia. Mtu aliyepitia uliyoyapitia akikuta vita ya namna hiyo aikumbatie. Ulizuia pumzi ukapaka jicho, mkono ukatulia, ukarudi kuwalisha wanao kwa mkono huo. Ningekuwa na macho ya kutosha ningekuja kujifunza mimi mwenyewe, na Jerónimo ningempiga.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi nenda kwa mjomba Buanali pamoja na Jerónimo, maana mtu hajisemei mwenyewe kwenye kesi yake, na msiende mikono mitupu. Jerónimo amwambie kwamba Ijumaa mjomba aje kama alivyosema, ila aone kwanza, na akishaona, akitaka moto, utauwasha. Majina ya majirani yafute leo, na anayetaka jina lake lirudi aje aombe mwenyewe. La mama usilifute. Shuka jeupe lirudi kitandani kwenu. Ijumaa utoe mlango wako uani mchana kweupe, watoto waone, majirani waone, na wewe ukae chini kwenye mchanga useme kwa mdomo wako, usiuazime wa Alima, kwa nini uliandika jina lile. Maneno yawe machache kuliko ya barua hii. Yule kapteni mwinue sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, amelala kifudifudi wiki nzima.

Na mguu wa mama upelekwe kituo cha afya kesho bila mjadala. Kisu cha chaza hakina uchawi, kina kutu.

Abacar ameandika tena

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeshafunga ukurasa huu kwa jibu langu pale juu. Ijumaa jioni simu ikalia, na ujumbe wake ulikuwa mrefu mpaka ukaja vipande vipande. Amekubali niuweke, na jina lake lisifichwe.

Tia, nimetoka uani sasa hivi na mkono unatetemeka, lakini safari hii ni furaha tu. Mjomba Buanali alikuja na wazee wawili akakaa, amekunja mikono, mafuta ya taa nimeyaweka miguuni pake, ila aone kwanza kama ulivyosema, uani kumejaa watu mpaka juu ya ukuta, na mama mkwe akaja kwa miguu yake, uvimbe umepungua baada ya sindano ya Jumatatu. Nikakaa mchangani, nikasema, "Mama, niliandika jina lako kwa sababu wewe ndiye uliyetutoa. Sikuwahi kukushukuru. Asante. Na unisamehe kwa lile shuka." Nilikuwa nimeandaa mengine, yakanikimbia.

Mama akasogea, akakaa kwenye mkeka, akamchukua yule kapteni akamtazama sana. Kisha akamgeukia Alima, maana desturi haifi siku moja, akasema, "Muulize mumeo, nani kaniweka hapa mbele?" Nikasema kapteni anakaa mbele ya watu wake. "Mie siku ile sikukaa mbele. Mbele nilimtanguliza Rajabo, ana macho yule. Mie nilikuwa nyuma kabisa, nahesabu watu." Akajiondoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akajiweka nyuma ya nyumba ya mwisho.

Halafu akagusa bahari yangu kwa kidole. "Na maji haya yanakupwa lini?"

Mimi na Jerónimo tukatazamana. Yeye ni mtu wa bara, ana udhuru, lakini mimi nimezaliwa hapa, mama yangu aliokota chaza maisha yake yote, na nilipaka bahari inayojaa daima kwa sababu daftari la Mreno halikusema kitu kuhusu kupwa. Watu uani walicheka mpaka nikatamani kuingia chini ya mlango. Tukakubaliana hapo hapo kwamba kila baada ya zamu nne maji yanatoka na baada ya nne nyingine yanarudi, na mama akashika upande wangu, akachagua watu wake kumi na wawili, akasema haya, Wasakalava waje.

Jerónimo alikuja kwa kasi kama kawaida yake, mitumbwi mitatu, zamu ya tatu alikuwa keshafika chini ya ukuta anacheka, na mama hajapigana hata mara moja, watu wake kawabana nyuma ya nyumba, mjomba Buanali akaanza kugugumia kwamba dada yake amezidiwa. Zamu ya nne maji yakapwa. Mitumbwi yote mitatu ikakaa kwenye tope, na mtu wa kwenye tope anatembea nusu ya kipimo. Hapo ndipo mama akaanza kuwatoa. Rajabo mbele, maana alikuwa ameshaomba jina lake lirudi, wengine nyuma yake, mmoja mmoja kuingia mikokoni, na kila anayepita anamhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kufika tano Alima akaanza kuhesabu naye, kufika nane uani kote, wazee wa mjomba nao, na tulipofika kumi na mbili mjomba Buanali alikuwa amesimama juu ya kiti na kofia mkononi. Kisha mama mwenyewe, yule kapteni, akaingia wa mwisho. Hakuna aliyeanguka, Tia. Mimi katika zile mara tano nilizoshindwa sijawahi kuwaokoa hata nusu yao.

Jerónimo akafungua daftari, maana yeye ni mtu wa sheria, na sheria inasema mshindi ni yule anayeushika mji mwisho wa zamu zote, na mji ulikuwa wake, mtupu. Akasoma, akalifunga, akasimama, akampa mama mikono yote miwili mbele ya watu. "Ganhou, mama. Mji nimeupata mimi, watu umewapata wewe. Umeshinda."

Vigelegele vilivyopigwa vimesikika mpaka barabarani. Mafuta ya taa mjomba aliyarudisha dukani mwenyewe, moto tuliouwasha ni wa kuchoma mihogo, na ameniuliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi ya mzee mwenye kofia kwenye ukuta ule, jina anatoa kwa hiari.

Na mama, kabla hajaondoka, alimgeuza yule kapteni akalisoma jina lake mbele ya watu wote, lote, la kwake na la baba yake, bila kukwama. Halafu akanitazama mimi, hakumtazama Alima, mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja.

"Abacar. Hawa niliowatoa leo ni watu wa mchezo. Nitengenezee wale kumi na wawili wenyewe, kila mmoja na jina lake. Ruhusa nitawaomba mie. Weye ulikuwa wa saba."

Sikujua kama alikuwa na namba yangu, Tia. Nimekuwa nayo miaka yote hii bila kujua.

Nami namjibu hivi, mbele yenu wote. Abacar, kazi umeshapewa, anza kesho, na yule wa saba umpake polepole kuliko wote, macho yake yote mawili.